Mchoro wangu unauzwa kwenye maduka ya watu na muuzaji anasema risiti anayo, nifanyeje?

KinyongaMchoraji

Habari za muda huu wadau. Naombeni mwenye uzoefu na haya mambo anisaidie maana nimeshachanganyikiwa. Mimi nachora kwa tableti, wanyama na maua ndo kazi zangu nyingi, naziposti kwenye ukurasa wangu na baadhi nauza kama faili la kupakua. Kuna mchoro wangu mmoja wa kinyonga kajikunja mkia kwenye tawi lenye maua, sasa mteja wangu wa zamani akanitumia linki na kuniuliza mbona umeshusha bei hivyo. Kufungua nakuta duka ambalo sijawahi hata kuliona, liko kwenye soko moja kubwa la mtandaoni la vitu vya kazi za mikono, kinyonga wangu kapigwa kwenye fulana, kwenye kikombe, kwenye mfuko wa kitambaa, na faili lenyewe nalo linauzwa ulipakue ukaprinti mwenyewe.

Na sio kwamba wamefanana jamani, ni yule yule. Wamemgeuza tu, wangu anatazama kushoto wa kwao anatazama kulia. Kwenye mkia huwa naficha herufi mbili za jina langu katikati ya magamba, ukivuta picha yao karibu unaona pale pale pamesuguliwa, magamba yamepotea umebaki ukungu wa kijani. Na kuna kitu kingine, kwenye nakala niliyoposti ua la chini kabisa lina petali moja haina kivuli, kwenye faili ninalouza hiyo petali nimeimalizia. Ya kwao haina kivuli. Kwa hiyo wameichota ukurasani, sio kwa mteja aliyenunua.

Nikamwandikia muuzaji kistaarabu tu. Akanijibu fasta kwamba yeye sio mwizi, alinunua kifurushi cha mafaili mengi chenye ruhusa ya kutumia kwa biashara, risiti anayo, kama nina shida nikagombane na aliyemuuzia. Nimetafuta zaidi nakuta kinyonga yupo kwenye maduka mengine kadhaa, kwingine kapakwa rangi akawa wa zambarau.

Sasa sijasajili hakimiliki popote, je nina haki yoyote hapo? Huyu mwenye risiti ana kosa au hana? Kuna jamaa kaniambia mtu akibadilisha asilimia 30 ya mchoro unakuwa wake, ni kweli? Na nianze na nani maana maduka ni mengi na mimi ni mtu mmoja.

mzee_wa_stika

Pole sana. Ila ushauri wangu achana nao tu uendelee kuchora. Ukishaweka kitu intaneti ndo umeshakigawa hivyo, leo utafungisha duka hili kesho yanafunguliwa mawili. Tena we shukuru, wanaoibiwa ni wenye kazi nzuri.

WinoMzito

Mzee wa stika na wewe bwana, hilo la "ukishaweka umeshagawa" ndo wimbo wa wezi wenyewe. Kuonyesha kazi sio kuigawa.

@KinyongaMchoraji nianze na swali la usajili. Haki unayo na ulikuwa nayo tangu unachora. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao umerekebishwa mara kadhaa baadae na sasa una nchi wanachama zaidi ya 180, unakataza nchi kumdai msanii wa nchi nyingine mwanachama usajili au utaratibu wowote kwanza ndo hakimiliki yake itambuliwe. Umechora, basi. Kusajili kuna faida zake ukitaka kwenda mbali hasa Marekani, ila kuliambia soko lishushe bidhaa hauhitaji cheti cha mtu yeyote.

Asilimia 30 ni hadithi. Nimeshaisikia ikiwa 10, ikiwa 20, kila mtu ana yake na hakuna anayeweza kukuonyesha kifungu cha sheria. Kinachoangaliwa ni kama alichochukua ni sehemu ya maana ya ubunifu wako, na hapa kachukua kinyonga mzima mpaka petali isiyo na kivuli. Kumpaka zambarau au kumgeuza ni kutengeneza kazi inayotokana na ya kwako, na ruhusa ya kufanya hivyo unatoa wewe.

Mwenye risiti sasa. Risiti inathibitisha kwamba katoa hela, haithibitishi kwamba aliyepokea hela alikuwa na cha kuuza. Mtu hawezi kukupa leseni ya kitu ambacho na yeye hana. Kwa hiyo hata kama alinunua kwa nia njema kabisa, akiendelea kuuza bado anakiuka hakimiliki yako, nia njema inaweza kumpunguzia kiasi cha fidia tu. Na kuanzia pale ulipomwandikia hawezi tena kusema hajui.

Kuhusu pa kuanzia, kabla hujamwandikia mtu mwingine yeyote kusanya ushahidi. Nasisitiza hapa kwa sababu watu wanakimbilia kuripoti, bidhaa inashushwa, afu muuzaji akipinga huna kitu mkononi, ukurasa umeshafutika. Kila ukurasa wa bidhaa piga skrinshoti nzima, anwani ya ukurasa ionekane juu, jina la duka, bei, idadi ya mauzo kama inaonyeshwa, na maoni ya wanunuzi pamoja na tarehe zake. Maoni ndo dhahabu maana mnunuzi anaweka picha ya fulana aliyopokea, hapo hakuna wa kusema bidhaa ilikuwa bado haijauzwa. Halafu nenda Wayback Machine ya Internet Archive uhifadhi kurasa hizo, ile ni nakala iliyoko kwa mtu wa tatu sio kwenye kompyuta yako, ina uzito wake.

Upande wako andaa faili la kazi lenye leya zote (zile tabaka za mchoro, mistari kivyake rangi kivyake), mchoro wa penseli wa mwanzo kama upo, na kama programu yako inarekodi video ya hatua za uchoraji itoe uiweke pembeni. Mwizi anaweza kuwa na picha kubwa, kali, safi kuliko uliyoposti wewe (siku hizi AI inakuza picha ndogo vizuri tu) lakini leya hana. Mwambie akuonyeshe mistari ya kinyonga bila rangi utaona anavyogugumia.

Baada ya hapo ndo notisi, yaani taarifa rasmi ya kuliambia soko liondoe bidhaa. Masoko mengi makubwa yanafuata DMCA ya 1998, sheria ya Marekani ya hakimiliki za mtandaoni, kifungu cha 512, hata yale ambayo hayako Marekani yana fomu inayofanana. Kwa kifupi sheria inalipatia soko kinga lisishtakiwe kwa wanayopandisha watumiaji wake, kwa sharti kwamba likipata notisi iliyokamilika liiondoe bidhaa haraka, na liwe na utaratibu wa kuwafungia wanaorudia rudia. Hicho ndo kinachowafanya wajibu. Hawakuonei huruma, wanalinda kinga yao.

Notisi iwe na hivi vitu: kazi yako ni ipi (weka linki ya posti yako ya kwanza), bidhaa zinazokiuka ni zipi kila moja na linki yake, usiseme "duka lote" maana watakurudishia, mawasiliano yako, kauli kwamba unaamini kwa dhati matumizi hayo hayajaruhusiwa, kauli kwamba taarifa ni sahihi na kwamba wewe ndo mwenye haki au umeruhusiwa na mwenye haki, hiyo ya mwisho ni chini ya adhabu ya kusema uongo kwa kiapo, kisha sahihi yako ambayo inaweza kuwa jina uliloliandika tu. Usiweke hadithi. Usiandike ulivyoumia wala ulivyokesha ukichora, anayesoma ana foleni ndefu anataka alinganishe picha mbili. Weka kinyonga wako na wa kwao ubavu kwa ubavu, wa kwao umgeuze arudi upande wa wako, na uzungushie duara pale kwenye mkia na kwenye petali.

Na usimwandikie tena huyo muuzaji. Ukimwandikia sana anapata muda wa kuhamisha mali duka lingine.

DukaLaVikombe

Nakubaliana na WinoMzito karibu yote ila hilo la mwisho hapana. Mi niko upande wa wauzaji, naprinti vikombe na fulana, mafaili mengine nanunua kwa wachoraji, kwa hiyo hivi vifurushi navijua vizuri naomba niwaeleze vinavyofanya kazi.

Kuna watu biashara yao ni kuvuna picha. Hawana hata kikombe kimoja. Wanapita kwenye kurasa za wasanii wanachota, wanatoa mandharinyuma, wanafuta majina, kisha wanaipitisha picha kwenye programu inayoigeuza kuwa vekta (mchoro wa mistari inayoshikwa na vidoti vinavyoitwa nodi, sio pikseli) kwa kitufe kimoja ili iingie kwenye mashine za kukata stika, wanapanga mafaili mia tano au elfu kumi kwenye kifurushi kimoja wanaandika juu "ruhusa ya biashara milele" wanauza kwa bei ya kutupa. Wanunuzi ni watu kama mimi, wengi wameanza juzi, wanaona neno ruhusa wanatulia. Ndo maana kinyonga wako yuko kwenye maduka mengi ambayo hayajuani, hawajaibiana wenyewe kwa wenyewe, wote wamekunywa kisima kimoja.

Sasa ukifunga maduka ya mbele ukamwacha mwenye kisima umefanya kazi ya bure, hapo ndo mzee wa stika anakuwa na point, kila wiki atauza kifurushi kwa watu wapya na wewe kila wiki utakuta maduka mapya. Huyo mwenye risiti ndo mtu pekee anayejua kisima kiko wapi. Usimfanye adui. Kusanya ushahidi wako wote kwanza kama ulivyoambiwa, ukishahifadhi kila kitu mwandikie mara moja tu: nionyeshe risiti na linki ya kifurushi, shusha bidhaa mwenyewe leo, na mimi nitaishia hapo na wewe. Wengi watakubali, kwa sababu soko likimshushia kwa nguvu anapata doa kwenye akaunti na madoa yakijaa duka linafungwa na hela yake inaweza kuzuiwa humo ndani. Asipojibu au akileta ujeuri, tuma notisi.

Tena kama kweli hajui akiona na yeye kaibiwa hela yake anakuwa mkali kuliko wewe. Anaweza kwenda kumdai arudishiwe na kumripoti kivyake.

Na kwa wauzaji wenzangu wanaosoma, kifurushi cha wizi kinajulikana kwa macho. Mchoraji mmoja ana mkono mmoja, ukiona ndani ya kifurushi kimoja kuna maua ya rangi za maji, katuni za macho makubwa, mistari ya wino na picha za kompyuta za 3D, jiulize huyo mtu ana mikono mingapi. Fungua faili la vekta uone nodi zake, iliyochorwa na mtu ina nodi chache zilizokaa penye kona, iliyogeuzwa kwa kitufe ina maelfu ya nodi na kingo zina meno meno kila mahali. Halafu muulize muuzaji swali moja tu, unaweza kunichorea huyu huyu akiwa kaangalia mbele? Mchoraji atakutajia bei. Mvunaji atakwambia kwa sasa hapokei oda.

lulu.michoro

Hiyo ya kumwomba achore akiangalia mbele nimeipenda 😂

Mi niongeze kwenye kutafuta maana KinyongaMchoraji umesema umepata maduka kadhaa, yatakuwa mengi zaidi. Ukitumia Google Lens au TinEye, zile za kutafuta kwa picha, peke yake na picha yako kama ilivyo utakosa mengine, kwa sababu wanageuza picha makusudi. Geuza na wewe, tafuta kwa iliyogeuzwa pia. Kisha kata kipande, mfano kichwa na jicho tu au mkia tu, utafute kwa kipande hicho, maana kwenye picha ya bidhaa kinyonga yuko juu ya fulana iliyovaliwa na mtu na mashine inatafuta mtu aliyevaa fulana badala ya kinyonga. Pia andika maneno kama anavyoandika muuzaji kwenye kisanduku cha soko lenyewe, kinyonga maua fulana, kwa lugha ya soko hilo, kuna vitu mashine za picha hazivioni kabisa ila maneno yanavileta.

Na wizi mwingine hauna hata mtu nyuma yake. Desemba 2019 kule Twitter wasanii waligundua kuna roboti zinazosubiri mtu aandike chini ya mchoro "natamani huu ungekuwa kwenye fulana", ikiona hayo maneno inauchota mchoro yenyewe na kuupandisha dukani. Basi wakaitega, wakaposti michoro iliyoandikwa kabisa kwamba fulana hii ni ya wizi na tunaomba kampuni ya Disney itushtaki, wengine wakawaambia watu waandike wanaitaka kwenye fulana, na roboti zikaipandisha hivyo hivyo madukani ikauzwa na maandishi yake. Ndo ujue wakati mwingine unayegombana naye hata hajawahi kuutazama mchoro wako.

fundi_wa_leya

Kuhusu kujikinga mbele ya safari. Kwa macho ya mtazamaji wa simu upande mrefu wa pikseli 1000 hadi 1200 unatosha sana, na kwa kuprinti vizuri watu hutumia pikseli 300 kwa inchi, kwa hiyo pikseli 1200 inatoa inchi 4 tu, haitoshi kifua cha fulana. AI inaweza kuikuza ndio, ila inabuni vitu, magamba yanakuwa mengine, na hiyo inakusaidia kwenye ushahidi kwa sababu faili lako la kweli litaonyesha magamba yalivyo.

Msitegemee sana metadata, zile taarifa zinazokaa ndani ya faili. Jina lako ndani ya faili ni zuri liweke, ila mitandao mingi ya kijamii inafuta hizo taarifa picha inapopanda. Alama ya jina ikae juu ya sehemu yenye mistari mingi, ikikaa kwenye kona nyeupe inakatwa kwa sekunde mbili. Na kuna watu wanawaambia wasanii watumie Glaze, ile ya Chuo Kikuu cha Chicago iliyotoka 2023. Ni kitu kizuri kwa kazi yake, kazi yake ni kuvuruga AI isijifunze mtindo wako. Fulana haijali, picha iliyopitishwa Glaze inaprintika kama kawaida.

Hiyo petali isiyo na kivuli endelea nayo. Kila nakala ya wazi iwe na kasoro yake ndogo unayoijua wewe tu, faili la kuuza lisiwe nayo, unajua wameibia mlango gani.

chapa_kazi254

Kwani mnazunguka nini, weka majina ya hayo maduka hapa tuyavamie kwenye maoni mpaka yafunge.

WinoMzito

Usiweke. Kwanza maoni ya nyota moja kutoka kwa watu ambao hawajanunua soko linayafuta, na yule mvunaji anapata pa kulalamikia kwamba anashambuliwa. Pili, katika hayo maduka kuna wenye risiti wasiojua, utakuwa unamchoma mtu aliyetapeliwa kama wewe. Nimeshaona msanii katajwa hadharani kwamba ni mwizi kumbe yeye ndo mwenye mchoro, aliyemtuhumu ndo aliyenunua nakala ya wizi. Watu wakishavamia hakuna anayerudi kuomba radhi.

Na ukituma notisi ya uongo ukijua, kifungu hicho hicho cha 512 kina kipengele cha kukudai wewe hasara uliyomsababishia. Ripoti kilicho chako tu.

@DukaLaVikombe umenishawishi kwenye la kisima. Kuandikiwa mara moja, baada ya ushahidi, sawa.

KinyongaMchoraji

Asanteni sana jamani sikutegemea. Nimehifadhi kila kitu kwanza, nikamwandikia yule wa risiti kama DukaLaVikombe alivyoelekeza, na kweli kabadilika kabisa, katoa bidhaa zote na kanitumia risiti na linki. Kifurushi kiko kwenye soko lingine kabisa la mafaili, na kwenye ile picha kubwa ya kuonyesha vilivyomo kinyonga wangu yuko safu ya pili, wa zambarau naye yupo! Kumbe hata rangi walibadilisha wao wenyewe wahesabike kama mafaili mawili. Na pembeni yake kuna kazi za watu wengine nawajua kabisa, kuna kasa wa msanii mmoja namfuatilia miaka. Je naweza kuripoti kifurushi chote kwa niaba yao? Na huyu mwenye kisima akipinga inakuwaje, maana ana mauzo mengi huyu hawezi kukubali kirahisi.

WinoMzito

Kwa niaba yao huwezi mpaka wakuruhusu, notisi anatuma mwenye haki au wakala wake. Wewe ripoti kinyonga wako, wa kijani na wa zambarau, ukitaja kwamba wamo ndani ya kifurushi fulani na ukionyesha safu ya pili. Kwa kuwa kifurushi kinauzwa kama bidhaa moja, bidhaa inayokiuka ndo hiyo nzima. Wale wengine watumie ujumbe na linki na skrinshoti, waambie watume zao. Notisi kutoka kwa wasanii mbalimbali juu ya duka moja ndo zinaamsha ile sera ya wanaorudia rudia.

Akipinga. Anatuma notisi ya kupinga, naye anaapa kwamba bidhaa imeondolewa kimakosa, anataja jina na anwani yake na anakubali mamlaka ya mahakama. Soko linakutumia wewe nakala. Hapo kwa DMCA soko linarudisha bidhaa baada ya siku 10 na kabla ya 14 za kazi, isipokuwa ukiwaonyesha umefungua shauri. Wavunaji wengi hawafiki hapa kwa sababu wanatakiwa waandike jina na anwani kwa kiapo.

Akifika, ndo yale mambo ya usajili niliyoyagusa mwanzo. Kama kazi yako haihesabiki kuwa ya Marekani, sheria yao haikulazimishi uwe umesajili ndo ushtaki mahakama ya huko. Ila ile fidia iliyopangwa na sheria, dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi na mpaka 150,000 kama alikusudia, unaipata tu kama ulisajili kabla ya wizi kuanza au ndani ya miezi 3 tangu uitoe kazi hadharani. Bila hiyo unadai hasara halisi na faida aliyopata, uthibitishe mwenyewe. Tangu Juni 2022 kuna baraza la madai madogo ya hakimiliki chini ya ofisi yao ya hakimiliki, ada jumla dola 100, kikomo dola 30,000, wakili sio lazima, lakini lazima uwe umesajili au umeomba usajili, unayemdai lazima awe Marekani, na anaruhusiwa kujitoa ndani ya siku 60. Akijitoa imeisha hapo, inabaki mahakama ya kawaida.

Na msisahau herufi mbili za mkiani. Kufuta jina la mwenye kazi ukijua unaficha wizi ni kosa linalosimama peke yake kwenye sheria ile ile, kifungu cha 1202, fidia yake dola 2,500 hadi 25,000 kwa kila kosa. Itaje kwenye notisi sentensi moja tu, "jina langu lililokuwa hapa limefutwa", na duara lako.

mzee_wa_stika

Haya nimeelimika. Hiyo ya kutumia wasanii wengine ujumbe nimeikubali.

DukaLaVikombe

Kinyonga, kabla ya kutuma notisi ya kisima, pakua ile picha kubwa ya vilivyomo kwa ukubwa wake kamili sio skrinshoti. Wanaipunguza sana wakisikia harufu, au wanaificha safu mbili za juu. Na ukihifadhi angalia jina la faili, wavivu wengine huwa hawabadilishi hata jina la posti walikochota.

KinyongaMchoraji

Nimeshapakua, jina la faili ni namba tu. Fomu nimeijaza yote nimekwama sehemu moja, jina. Natumia hili la sanaa kila mahali sitaki mtu wa hivyo ajue jina langu la kwenye vitambulisho wala namba yangu. Nikiandika jina la sanaa watakataa?

WinoMzito

Baadhi watakataa, na hata wasipokataa ukifika kwenye kupingwa litakusumbua, andika la halali. Jua kwamba muuzaji kwa kawaida anapelekewa jina na barua pepe ya aliyemripoti, hiyo ni kawaida ya masoko mengi. Kwa hiyo fungua barua pepe ya kazi tu kwa ajili ya haya mambo, simu weka ya kazi kama unayo, na anwani kama soko linaruhusu sanduku la posta weka hilo. Ukiwa huna amani kabisa mpe mtu unayemwamini ruhusa ya maandishi awe wakala wako, atume kwa jina lake, kwenye fomu kuna kisanduku cha "naripoti kwa niaba ya mwenye haki" anachagua hicho. Ruhusa yenyewe ni aya moja na sahihi yako, aiambatanishe.